Gari Linalowaka Likipenda

Gari linalokufa moja kwa moja halisumbui nyumba. Linavutwa kwa kamba mpaka gereji, watoto wanapanda daladala, pesa ya spea inatafutwa, na kila mtu anajua msimamo. Letu lilikuwa linakufa na kufufuka. Asubuhi linawaka mara tu ukigeuza funguo. Saa sita mchana, ukitoka duka la dawa na kifurushi mkononi, stata inazunguka weee, injini haishiki. Kaa nusu saa kivulini, rudi, jaribu tena: linawaka. Ukilipeleka gereji linawaka mbele ya fundi, linanguruma vizuri, fundi anakutazama usoni akingoja umweleze shida ni nini.

Ndivyo tulivyoishi Tegeta tangu joto la Desemba mpaka mvua za masika, na katika kipindi hicho gari lile lilitugombanisha kuliko ada za shule.

Ni Toyota Raum, ile ya umbo la pili iliyoanza kutoka Japani mwaka 2003. Tulilichagua kwa ajili ya mama mkwe wangu, tunayekaa naye. Upande wa kushoto Raum hiyo haina nguzo kati ya mlango wa mbele na wa nyuma; ukifungua yote miwili unabaki uwazi mmoja mpana, na mtu mwenye magoti mabovu anaingia bila kujikunja. Injini yake ni 1NZ-FE, lita 1.5, silinda nne, ileile iliyomo kwenye IST, Spacio na Probox nyingi zinazojaa barabara zetu. Kwa hiyo vipuri vyake viko kila kona, kuanzia Gerezani mpaka Ilala, vipya na vya mtumba. Nasema kwa uchungu kabisa kwamba wingi huo wa vipuri ndio unaowafanya mafundi wengi wabadilishe kabla hawajapima. Kipuri kikiwa hatua chache kutoka gereji, na mteja ana simu yenye salio, nani atahangaika kutafuta chanzo?

Wa kwanza kutoa hukumu alikuwa mume wangu.

"Betri hiyo, Mama Watoto. Imechoka."

Nilimwambia stata inazunguka kwa nguvu. Betri ikichoka, stata huzunguka kwa kujivuta au hutoa mlio wa tik-tik tu, na taa za mbele hufifia ukigeuza funguo. Letu lilikuwa linazunguka kwa kasi ileile ya asubuhi. Mita nayo ilisema hivyo: betri ya gari iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 hivi, na injini ikiwaka altaneta huipandisha mpaka kati ya 13.5 na 14.5. Yetu ilikuwa humo humo. Hata hivyo betri mpya ilinunuliwa, na ikawa kama dawa: ikanyesha mvua, hali ya hewa ikapoa, gari likawa linawaka kila wakati. Mume wangu akaanza kuwashauri wenzake kazini wabadilishe betri mapema. Jua liliporudi, na ugonjwa ulirudi.

Hapo akageukia mafuta. Watu wa umri wetu wanakumbuka enzi za petroli na dizeli kuchakachuliwa kwa mafuta ya taa, mpaka EWURA ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kumwondolea mchakachuaji faida. Kumbukumbu ile haijatutoka, na gari likikohoa tu, lawama ya kwanza inaangukia kituo cha mafuta. Tukahama kituo. Fundi wa gereji tuliyokuwa tukiitumia akasema filta imeziba, akabadilisha. Kisha akasema pampu ya mafuta inalegea ikipata moto, akabadilisha na hiyo. Dai la pampu lilikuwa na mantiki, sitamnyima haki yake. Pampu ya gari kama hili imezama ndani ya tenki, na petroli inayoizunguka ndiyo inayoipoza. Ukizoea kutembea na tenki linaloelekea kukauka, unaifupishia maisha. Lakini hakupima presha. Hakutega sikio kusikia kama pampu inalia wakati gari limegoma. Alibadilisha gari likiwa zima, akaliwasha likiwa zima, akaturudishia likiwa zima.

Baada ya pampu zikaja plagi, na baada ya plagi koili, zote nne. Kila mara, kabla ya kuanza kazi, alifungua terminali ya betri, na kabla ya kutukabidhi gari alichomeka mashine ya kupimia, akatuonyesha kioo: hakuna kosa. Jambo hili naliandika kwa msisitizo kwa sababu lilituchelewesha kuliko yote. Kompyuta ya gari ikiona hitilafu huihifadhi kwa namba, na kwenye magari mengi ya aina hii, betri ikichomolewa kumbukumbu hiyo inafutika. Ushahidi wote gari liliokuwa limeukusanya njiani ulikuwa unafutwa kwa spana kabla haujasomwa.

Na hitilafu inayokuja na kuondoka ina ubaya huu, kwamba inakisifu kila kipuri kipya. Gari lilikuwa likikaa vizuri siku kadhaa baada ya kila matengenezo kwa sababu lingekaa vizuri siku hizo hata bila matengenezo. Pesa zikaenda, na katikati ya hayo likazuka jambo jipya: barabarani, likiwa kwenye mwendo, lilianza kushtuka. Unakanyaga mafuta, kwa nukta moja nguvu inakatika, kichwa kinakwenda mbele, halafu linavuta tena.

Siku ya sendofu ya wifi yangu ndiyo iliyotufikisha ukingoni. Nilikuwa na mama mkwe pembeni, kashona kitenge cha sare, nyuma kuna makreti ya soda na mifuko ya barafu. Nikasimama Mwenge kuchukua keki. Nilipoiweka keki ndani na kugeuza funguo, stata ikazunguka, kimya. Tena. Kimya. Nikaweka pembetatu nyuma ya gari, kwa kuwa nilikuwa nimeziba nusu ya njia. Vijana wa pale, Mungu awabariki, wakaja kusukuma kabla sijawaomba, nikawashukuru na kuwazuia: gia ni otomatiki, na gari la otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa, hata likisukumwa mpaka Ubungo. Tukalisogeza pembeni tu. Mama mkwe akapandishwa bajaji na keki mapajani, maana sherehe isingeweza kusubiri, na wifi alikuwa anapiga simu kila baada ya dakika mbili akiuliza tumefika wapi.

Shemeji yangu akatokea na waya za kubusti. Nikamwambia betri ni mpya na stata ina nguvu. Akasema tujaribu tu. Akaunganisha, gari halikuwaka. Akabishana na mimi kuhusu waya, akafungua akafunga, akasafisha terminali, akapiga simu kwa rafiki yake, barafu ikiyeyuka na maji yakitiririka chini ya makreti. Kisha likawaka. Mpaka leo shemeji anaamini ni waya zake. Mimi nilitazama saa: tulikuwa tumekaa pale zaidi ya nusu saa.

Usiku ule, tukivua viatu sebuleni, mama mkwe ndiye aliyesema neno la kwanza la maana kuhusu gari lile.

"Mwanangu, gari hili linaumwa joto. Mimi magoti yananikataa kukiwa na baridi, jua likipanda yanalegea. Hili ni kinyume changu."

Hajawahi kushika usukani maishani mwake. Alikuwa amekaa tu kwenye kile kiti cha kushoto, akatazama, akakumbuka lini tumekwama na lini hatukukwama. Nilimshika mkono nikamwambia asante, mama, kesho tunaanza upya.

Kesho yake nikanunua daftari la kaunta, nikaliweka kwenye mfuko wa mlango wa dereva pamoja na kalamu. Nikachora safu: saa, umbali tuliotembea, muda ambao gari limezimwa kabla ya kuwashwa tena, kiyoyozi kimewashwa au la, mafuta kiasi gani, jua au mvua, stata inazungukaje, na ya mwisho nikaiacha wazi kwa lolote litakaloonekana. Kila anayeendesha aandike kabla hajashuka, limewaka au limegoma. Mume wangu alilalamika kwamba sasa gari linaitiwa mahudhurio. Lakini aliandika, na hati yake ni nzuri kuliko yangu.

Kurasa hazikujaa nyingi kabla picha haijajitokeza. Asubuhi halijagoma hata mara moja. Tenki likiwa limejaa linagoma, likiwa nusu linagoma. Siku za mvua linagoma kwa nadra. Ukizima na kuwasha papo hapo, linawaka. Ukizima ukaliacha saa nzima na zaidi, linawaka. Linagoma likiwa limetoka safari yenye foleni, likazimwa dakika kumi, ishirini, ishirini na tano. Ukiijua injini, mpangilio huo unasema mengi. Gari likitembea, hewa inapita chini ya boneti, feni ya rejeta inafanya kazi, maji yanazunguka. Ukilizima, vyote vinasimama, na joto lililomo kwenye chuma linaanza kupanda kwenye vitu vilivyoizunguka injini. Kwa dakika hizo za mwanzo, plastiki, waya na sensa vinapata moto zaidi kuliko vilipokuwa barabarani. Baadaye ndipo vinapoa.

Safu niliyoiacha wazi ilijazwa na kijana wetu wa kidato cha pili. Yeye hukaa mbele tukitoka shule. Siku moja, gari limegoma nje ya duka la vitabu, mimi natazama nje kwa hasira, yeye anatazama dashibodi.

"Mama, zungusha tena."

Nikazungusha.

"Mshale wa mizunguko haupandi."

"Injini haijawaka, utapandaje?"

"Asubuhi ukizungusha stata tu, unainuka kidogo kabla halijawaka. Nimeuona. Sasa hivi umelala kwenye sifuri."

Nikazungusha mara ya tatu nikiutazama mwenyewe. Stata inalia, injini nzima inatikisika, maana yake inazungushwa kweli, na mshale umelala kwenye sifuri. Akaliandika kwenye daftari kwa herufi kubwa. Siku chache baadaye, tukiwa Barabara ya Bagamoyo karibu na Africana, gari likashtuka kama kawaida yake, naye akapiga kelele: mshale umeanguka mpaka chini ukarudi. Nililifikiria hilo njia nzima. Injini iliyokuwa inazunguka zaidi ya mara elfu mbili kwa dakika haiwezi kusimama kabisa na kurudi kwenye kasi ileile kwa kufumba na kufumbua. Chuma hakina uwezo huo. Kilichokatika ni taarifa.

Tukabadilisha gereji. Huyu wa pili ni kijana, ana kibanda kidogo na kreni moja ya mkono, nami nilimpelekea daftari kabla sijampelekea funguo. Alilisoma akiwa amesimama, ukurasa kwa ukurasa, mikono yake ya oili akiitumia kwa uangalifu asilichafue. Akafika kwenye herufi kubwa.

"Mama, hii ya mshale kaandika nani?"

"Mwanangu."

"Basi tusiguse kitu. Betri isichomolewe. Tuliache lipate moto mpaka ligome."

Likawekwa juani, likaachwa likinguruma sailensa na kiyoyozi kimewashwa mpaka feni ikazunguka na kusimama mara kadhaa. Akalizima, akafunga boneti ili joto lisitoke, tukakaa kwenye benchi tukinywa maji. Alipozungusha, likagoma. Sijawahi kufurahi hivyo kuona gari limegoma.

Kwanza akachomeka mashine, na safari hii namba ilikuwepo: P0335, ya mzunguko wa umeme wa sensa ya kranki. Hakukimbilia kuagiza spea. Alisema namba inataja mzunguko mzima, na ndani yake zimo waya na soketi, kwa hiyo ni lazima apime. Akanituma kiti cha nyuma nitege sikio juu ya tenki huku akizungusha stata: pampu haikulia. Akachomoa koili moja, akaiwekea plagi ya akiba, akaigusisha kwenye chuma cha injini mbali na mvuke wa petroli: hakuna cheche. Pampu imekufa na cheche imekufa kwa wakati mmoja, na vyote viwili ni vipya. Vitu viwili vizima vikinyamaza pamoja, anayeviamrisha hajatoa amri.

Akanionyesha kwa kidole, chini kule kwenye puli ya kranki. Nyuma yake kuna sahani ya chuma yenye meno 34. Nafasi zake ni za meno 36, mawili yameachwa makusudi. Sensa ni kidude kidogo chenye sumaku na waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi mno, na kila jino linapopita mbele yake linazalisha umeme kidogo. Kompyuta inahesabu mapigo hayo kujua kasi ya injini, na lile pengo la meno mawili linaiambia kranki imefika wapi kwenye mzunguko wake. Isipopata mapigo, kwa upande wake injini imesimama, hata kama stata inaizungusha mbele ya macho yako. Basi haitoi cheche, hairuhusu nozo kumwaga mafuta, na inaizima pampu, jambo ambalo ni la usalama: gari likipata ajali na injini kusimama, petroli isiendelee kusukumwa. Waya ule mwembamba ukiwa na ufa usioonekana, baridi inaugusanisha, joto linautanua na kuuachanisha.

Akaweka ncha za mita kwenye pini mbili za sensa. Mita haikusoma kitu, njia imekatika. Kisha akachukua kitambaa, akakilowesha maji ya ndoo, akakikamua, akakizungushia kwenye sensa akiwa amelala ubavu chini ya gari. Mvuke mwembamba ukapanda. Akangoja, akakilowesha tena. Mita ikatikisika, ikatoa tarakimu, ikatulia. Akaniambia niwashe.

Mshale ukainuka. Likawaka.

Kijana wetu alikuwa amesimama nyuma yangu na begi la shule mgongoni. Hakusema neno, alinitazama tu, nami nikamkumbatia mbele ya mafundi wote, jambo ambalo kijana wa umri wake halipendi.

Sensa tuliifuata Ilala. Muuzaji aliweka mbili juu ya kaunta, mpya na ya mtumba iliyotoka kwenye gari lililochinjwa. Ya mtumba ilikuwa rahisi sana, na kwa vipuri vingi sina ubishi na mtumba wa Japani. Kwa hii nilikataa: imeshaishi miaka kwenye joto lilelile lililoiua ya kwetu, na hakuna mtu pale kaunta anayeweza kuipima ikiwa na moto. Hata hiyo mpya ilikuwa bei ndogo kuliko pampu, ndogo kuliko koili. Kuifunga ni bolti moja, spana namba kumi. Kabla ya kumaliza, fundi aliwasha injini akazitikisa waya zinazoelekea kwenye sensa, gari likakohoa mkononi mwake. Kishikizo cha soketi kilikuwa kimekatika zamani na mtu akakifunga kwa tepu, pini zikawa zinacheza. Huko ndiko kushtuka kwa barabarani kulikotokea. Akaweka soketi nyingine, akaunga waya kwa risasi na kuzifunika vizuri, akarudia jaribio lote: jua, sailensa, kuzima, benchi, maji ya kunywa. Likawaka kila alipogeuza funguo.

Mume wangu alikuja jioni kulipa. Alimwuliza fundi maswali mengi, akaomba kuiona sensa ya zamani, akaigeuzageuza. Njiani kurudi alizima gari makusudi kwenye kituo cha mafuta, tukashuka, tukakaa robo saa tukila mahindi ya kuchoma, akaliwasha. Kisha akachukua daftari akaandika: limewaka, mshale umepanda.

Imani ya mama mkwe ilichelewa kidogo. Mara ya kwanza kumpeleka kliniki baada ya hapo alinisihi nisizime, nimshushe tu niliache likinguruma nje mpaka atakapotoka. Nilizima, nikaingia naye ndani, tukasubiri daktari kwa muda uleule ambao zamani ungetugharimu bajaji. Tulipotoka alisimama kwenye ule uwazi wa mlango, hakuingia, mpaka aliposikia injini.

Wiki iliyopita jirani yetu alikuja na malalamiko ya Spacio yake. Injini ni ileile, na alishasikia habari zetu, kwa hiyo alikuwa tayari na pesa mkononi kwenda Ilala kununua sensa ya kranki. Nikamwomba funguo kwanza. Gari lilikuwa limegoma palepale getini kwake. Nikazungusha stata, kijana wangu kainama dirishani.

"Unapanda, Mama. Mshale unapanda vizuri."

"Basi dada, rudisha pesa kwenye pochi," nikamwambia jirani. "Kompyuta yako inaona injini inazunguka. Kaa kiti cha nyuma, funga milango, tega sikio kwenye tenki. Nazungusha tena, uniambie kama pampu inalia."